Nani Atapokea Fedha?

Hotuba kwa wanafunzi wa sheria na sayansi ya siasa, Arusha

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, na ninyi wanangu mliokaa na mliosimama pale mlangoni, nawasalimu nyote.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya mchango wa mbunge asiye na chama katika kujadili sera za umma. Mada ni pana, na mimi si mwanasheria wala mwanasiasa. Nilichokijua maishani ni kusikiliza. Kwa miaka 26 kazi yangu ilikuwa kuandika majadiliano: hedifoni masikioni, sauti inakuja, vidole vinaandika neno kwa neno mpaka kikao kiahirishwe. Sisi watu wa Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, tunawajua wazungumzaji kwa sauti. Yule aliyeusoma muswada hakai kwenye pongezi na shukrani. Ana dakika kumi, na anajua kengele ya kwanza italia kabla hajafika anakokwenda. Husimama akasema, "Mheshimiwa Spika, niende moja kwa moja kwenye kifungu cha tisa," na hapo hata nikiwa nimechoka nilikuwa nakaa sawa kwenye kiti.

Nilipostaafu sikuacha kusoma Hansard. Bunge la Uingereza limeweka majadiliano yake kwenye intaneti, ya zaidi ya miaka 200, na mtu yeyote anasoma bure. Humo ndimo nilimokutana na mwanamke aitwaye Eleanor Rathbone. Leo nitamzungumzia yeye. Ningeweza kuwatajia wabunge binafsi kumi wa nchi kumi, mkatoka hapa na majina kumi tu. Kwa mtu mmoja nitawaonyesha kazi yenyewe inavyofanyika, siku hadi siku, na pia pale ilipokosewa.

Alizaliwa mwaka 1872 katika ukoo wa wafanyabiashara wa Liverpool. Baba yake alikuwa mbunge. Alisoma Oxford wakati ambapo mwanamke aliruhusiwa kusikiliza mihadhara na kufanya mitihani lakini shahada hapewi. Chuo kile kilianza kuwapa wanawake shahada mwaka 1920. Mwaka 1909 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Halmashauri ya Jiji la Liverpool, akigombea bila chama. Mwaka 1922 akajaribu ubunge katika jimbo la East Toxteth, akashindwa. Akaingia Bungeni mwaka 1929, ana miaka 57, na akabaki humo mpaka alipofariki Januari 1946. Siku zote hizo hakuwa na chama.

Jimbo lake halikuwa na mipaka ya ardhi. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na viti vya vyuo vikuu: mhitimu alipiga kura nyumbani kwake, kisha akapiga nyingine ya chuo. Rathbone aliwawakilisha wahitimu wa vyuo vikuu vya England, ukiondoa Oxford, Cambridge na London. Ulikuwa upendeleo kwa wasomi, na sheria ya mwaka 1948 ilipoufuta ilitenda haki. Sioni namna ya kuutetea. Lakini lazima niseme pia kwamba mtu kama yeye asingepita mlango mwingine. Majimbo ya kawaida yalikuwa na wenyewe, na wenyewe ni vyama.

Sasa mfikirie siku anayoingia ukumbini. Hana mnadhimu wa kumwambia kura inapigwa saa ngapi. Hana wenzake wa kumpigia meza. Hana cheo anachokisubiri, wala hakuna wa kumnyima. Spika ndiye anayechagua nani azungumze, na vyama vikubwa vina watu wao wa kusema kwanza. Mkononi anabaki na vitu vichache: swali kwa waziri na swali la nyongeza, ile nusu saa ya mwisho wa kikao ambapo mbunge wa kawaida huweza kuibua jambo na waziri akalazimika kujibu, marekebisho ya vifungu muswada unapokuwa kwenye kamati, na miguu yake mwenyewe. Rathbone alivitumia vyote. Wenzake waliomwona wameeleza jinsi alivyokuwa akipita kwenye kumbi za Bunge na mkoba mzito wa karatasi, na wasaidizi wa mawaziri wakimwona kwa mbali wanatafuta njia nyingine ya kupita. Walijua ana takwimu. Walijua pia kwamba jibu alilopewa wiki iliyopita bado analikumbuka.

Nichukue mfano mmoja wa swali linavyofanya kazi. Kati ya Mei na Julai 1940, Ufaransa imeanguka na Waingereza wanangoja kuvamiwa wakati wowote, serikali ya Churchill iliwakamata watu wenye asili ya Ujerumani, Austria na Italia, wapatao 27,000. Wengi wao walikuwa Wayahudi waliomkimbia Hitler. Waliwekwa kwenye kambi, nyingine Huyton, nje kidogo ya Liverpool, na nyingine Isle of Man. Wengine walipakiwa melini kupelekwa Kanada na Australia. Tarehe 2 Julai meli moja kati ya hizo, Arandora Star, ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani, wakafa watu zaidi ya 800.

Siku nane baadaye Bunge likajadili suala hilo. Jiulizeni wenyewe ni mbunge gani, wiki ile, angetaka jirani zake wasikie kwamba amesimama kumtetea mtu aliyeitwa adui. Walisimama wachache: Victor Cazalet wa Conservative, Josiah Wedgwood wa Labour, na Rathbone. Na wengine walipoona wamekwisha kusema, yeye aliendelea. Alikwenda Huyton kuwaona waliozuiliwa. Barua zao zilikuwa zikimjia, naye akizigeuza kuwa maswali, na kila swali lililoingia kwenye orodha lilimlazimu ofisa fulani wizarani kufungua faili la mtu fulani aliyekuwa amesahauliwa. Mwaka uliofuata wengi walikuwa wameachiwa. Sisemi ni kwa sababu yake peke yake. Nasema kwamba faili halifunguki lenyewe. Jina walilompa baadaye lilikuwa mbunge wa wakimbizi, na sidhani kama kuna mpiga kura wake hata mmoja aliyemtuma kwa hilo.

Yapo aliyoshindwa, tena makubwa. Italia ilipoivamia Ethiopia Oktoba 1935 alidai vikwazo vya kweli, vya mafuta, si vya jina; Julai 1936 hata vile vya jina vikaondolewa. Desemba 1942 serikali ilipotangaza Bungeni kwamba Wayahudi wa Ulaya wanauawa kwa mpango, wabunge walisimama kimya ukumbi mzima. Kwake yeye kusimama kimya hakukutosha. Mwaka 1943 alikuwa kila mahali akidai viza, meli, hifadhi kwa wanaoweza bado kutoka. Serikali ya Uingereza na ya Marekani zilikutana Bermuda mwezi Aprili na hazikutoka na jambo la maana. Tarehe 19 Mei Bunge likajadili mkutano ule, akasema yote aliyokuwa nayo, na sera haikubadilika. Nimeyasoma majadiliano ya siku ile zaidi ya mara moja. Kwa mtu aliyefanya kazi niliyoifanya, hakuna ukurasa mgumu kama ule ambamo mzungumzaji yuko sahihi kabisa, na wanaomsikiliza wanajua yuko sahihi, na jibu linabaki lilelile.

Lakini nimekuja kuzungumzia sera moja hasa, na kuieleza inabidi turudi nyuma, kabla ya ubunge, hadi bandarini.

Mwanzoni mwa karne ile wapakiaji wa meli Liverpool walikuwa vibarua wa nusu siku. Asubuhi wanasimama kwenye kijiwe cha kuchaguliwa, na mchana tena. Wiki hii ana siku nne za kazi, wiki ijayo ana moja. Rathbone alianza kwa kuchunguza kazi yao, kisha akafanya jambo ambalo wachunguzi wengi hawakulifikiria: akaenda nyumbani kwao, kwa wake zao, akaandika matumizi yao. Mkate kiasi gani, makaa kiasi gani, kodi kiasi gani, na kilichowekwa rehani ni kipi. Hapo akaona kwamba bandari nzima inasimama juu ya kichwa cha mwanamke ambaye hayumo kwenye orodha ya mshahara ya kampuni yoyote.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza. Wanaume wakaenda vitani, na serikali ikaanza kuwalipa wake zao posho moja kwa moja, ikizidi kulingana na idadi ya watoto. Rathbone ndiye aliyesimamia kazi ya kuwahudumia wake wa askari na mabaharia wa Liverpool. Wanawake waliokuwa wameishi miaka yote kwa fedha isiyotabirika, sasa wana kiasi kinachojulikana, kinakuja wiki kwa wiki, na kinakuja mkononi mwao. Akaona watoto wanavaa viatu. Akaona sahani zimejaa zaidi, tena wakati wa vita. Mwaka 1917 akakusanya wenzake wachache wakaanza kudai kwamba jambo lile lisiishe vita vikiisha: kila mtoto alipiwe posho na taifa, na alipwe mama.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza, na ndiyo maana ilichukua muda kueleweka. Mshahara humlipa mfanyakazi. Haujui ana watoto wangapi. Kapera na baba wa watoto sita wanaofanya kazi moja wanapata kiasi kimoja. Mkiupandisha mshahara hadi ukamtosha yule wa watoto sita, mwajiri hawezi. Mkiuacha, watoto ndio wanaokonda. Basi mtoto atolewe kwenye hesabu ya mshahara, awe na hesabu yake.

Ruhusuni niingize la kwetu hapa, kwa sababu sikulielewa jambo hili kwa kusoma.

Nilizaliwa Kwimba, kwenye nyumba ya pamba. Mama na sisi watoto tulilima, tukapalilia, tukachuma, na usiku kwa taa ya kibatari tukachambua, pamba safi huku na fifi kule. Siku ya malipo karani wa chama cha msingi alifungua daftari akasoma jina la baba. Jina la mama halikuwamo kwenye daftari lile, wala kwenye daftari lingine lolote. Baba yangu hakuwa mlevi wala mkorofi, Mungu amrehemu. Lakini kutoka kwenye mizani hadi nyumbani kulikuwa na madeni yake, na heshima yake, na ndugu zake, na fedha ilipofika jikoni ilikuwa imebaki kidogo. Mama aliyeilima pamba aliomba ada yetu ya shule. Aliiomba kwa upole, akichagua saa nzuri ya kuomba. Nilikuwa mtoto, nikadhani ndivyo dunia ilivyo. Nilipofika umri wa kuwa na mkono kwenye mashine ya kuandikia, nikisikia muswada wowote unaotaja malipo, masikio yangu yalikwenda yenyewe kwenye neno linalosema nani atapokea. Leo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya masikini, wengi wa wanaopokea kwa niaba ya kaya ni akina mama. Hilo limeamuliwa na mtu, kwenye karatasi, baada ya mtu mwingine kubishana naye.

Nilisema nitaonyesha pia alipokosea. Nilipoona jina la Kenya kwenye kurasa zake nilifurahi kwanza, kisha nikasoma polepole.

Desemba 1929, miezi michache tu tangu aingie Bungeni, kulikuwa na mjadala juu ya haki za watu wa makoloni. Mbunge mwingine mwanamke, Duchess wa Atholl, aliibua suala la ukeketaji miongoni mwa Wakikuyu, na Rathbone akasimama upande wake. Alidai kwamba tukizungumzia usawa bila kujali rangi, mwanamke asiachwe nje. Kwa hilo alikuwa sahihi, na wanaume waliomkatiza walistahili aibu. Lakini hebu tazameni ukumbi ule. Mama wa Kikuyu aliyekuwa akizungumziwa hakuwamo. Hakuwamo hata kwenye Baraza la Kutunga Sheria la Nairobi. Mwafrika wa kwanza kukaa kwenye baraza lile, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944, na kabla yake mmisionari wa Kizungu ndiye aliyewekwa awasemee Waafrika. Na mwaka uleule wa 1929, huko milimani, wamisionari walikuwa wanawataka waumini wakane mila hiyo la sivyo watolewe kanisani na watoto wao wafukuzwe shule. Jambo la mwili wa msichana likageuka kuwa jambo la ardhi na utawala. Watu wakaimba Muthirigu, wimbo wao wa kupinga, wakaondoka kwenye shule za misheni, wakajenga zao. Aliyetaka kuacha mila ile kwa hiari yake, akajikuta akiiacha anaonekana amejiunga na mkoloni. Kenya imepitisha sheria kamili ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011, kwenye bunge lenye wanawake wa Kenya ndani yake. Hiyo ni miaka 82 baadaye.

Waliomwambia Rathbone ukweli walikuwepo. Mwaka huohuo wa 1929, kwenye mkutano London, Dhanvanthi Rama Rau wa India alisimama akawakataza wanawake wa Uingereza kujifanya walezi wa wanawake wa India. Rathbone hakupendezwa, lakini baadaye alikwenda India, akawasikiliza wanawake wa huko, na miaka iliyofuata alifanya kazi nao kwa muda mrefu juu ya haki yao ya kupiga kura. Kwa Kenya hakufika hivyo. Mimi nampenda mama huyu, mmeshaona, na ndiyo maana sitaki kulifunika. Mbunge asiye na chama hana chama cha kumpotosha, ila pia hana wa kumvuta koti akamwambia, dada, watu hawa umewauliza?

Sasa hebu tumlete kwetu. Angegombea Tanzania leo, karatasi yake ingerudishwa. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na kile kimoja kilikuwa cha hapa jirani, Mbulu, ambako wananchi walimchagua Herman Sarwatt aliyegombea binafsi. Naye mwenyewe alikuwa mwana-TANU. Watu wa Mbulu walimtaka yeye badala ya aliyeteuliwa. Nchi haikuanguka kwa hilo. Ilipata uhuru mwaka uliofuata.

Baadaye mkondo huo ukafungwa, na mnajua ni nani aliyeusukuma mlango kwa miaka 20. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba. Akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la Bunge kuamua. Akaja hapa Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pamoja na kesi ya Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na tarehe 14 Juni 2013 mahakama ikasema katazo lile linavunja haki. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ile kwenye kiini cha shauri lolote. Mtikila alifariki kwa ajali ya barabarani Oktoba 2015. Hukumu imo kwenye rafu zenu, hamhitaji hata nauli ya daladala kwenda kuisoma.

Wanaopinga wana hoja, na msizidharau. Wanasema mgombea binafsi huwa ni mtu aliyeshindwa kura za maoni akanuna. Mara nyingi ni kweli. Kenya, ambako Ibara ya 85 inamruhusu mgombea huru mradi asiwe mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, wapo wa namna hiyo. Uganda, baada ya uchaguzi wa 2021, wabunge wasio na chama walikuwa wengi kuliko wa chama kikuu cha upinzani, na wengi wao moyo wao ulikuwa chama tawala. Lakini Kenya hiyohiyo mwaka 2013 watu wa Cherang'any walimpeleka Bungeni Wesley Korir, mwanariadha aliyekuwa ameshinda mbio za marathoni za Boston mwaka mmoja nyuma, na mwaka 2017 Igembe South ikamchagua kijana wa miaka 23, John Paul Mwirigi, bila chama na bila gari. Wakifanya vizuri au vibaya, aliyewachagua ndiye atakayewahukumu. Mimi sina hofu na mtu aliyenuna. Hofu yangu ni kwa yule aliyekaa miaka 28 na jambo moja, akalijua kuliko wizara nzima, kisha akaambiwa kwanza akatafute kadi.

Miaka 28 ndiyo aliyoichukua Rathbone kuidai posho ile ya watoto. Kutoka 1917 hadi 1945.

Vyama vya wafanyakazi vilimpinga kwa muda mrefu. Viliogopa waajiri watasema, serikali inalisha watoto, basi tupunguze mishahara. Hazina ilimpinga kwa sababu ya gharama. Wengine walisema baba atapoteza hadhi yake. Mwaka 1924 aliandika kitabu kuijenga hoja yake, na mmoja wa waliokisoma wakabadilika alikuwa William Beveridge, wakati huo mkuu wa chuo cha uchumi cha London, ambaye alianza kuwalipa posho ya watoto watumishi wa chuo chake. Huyohuyo Beveridge ndiye aliyeandika ile ripoti maarufu ya Desemba 1942 ya hifadhi ya jamii, na posho ya watoto akaiweka kwenye msingi wa mpango wote. Mawazo yanasafiri hivyo, wanangu. Mbunge mmoja hakuwa na kura za kupitisha kitu, lakini aliyekuwa na kalamu ya kuandika mpango alikuwa ameshaelewa miaka 18 nyuma.

Muswada ukaja mapema mwaka 1945. Serikali ya vyama vyote, vita vinaelekea mwisho, kila mtu anapongeza. Beveridge alipendekeza shilingi nane kwa wiki. Serikali ikaweka tano, na mtoto wa kwanza halipwi. Rathbone alikuwa mzee wa miaka 72. Mtu mwingine angekaa apokee pongezi. Yeye alisoma vifungu. Na pale kwenye kifungu cha nani mwenye fedha, akakuta imeandikwa baba.

Tarehe 8 Machi 1945, muswada ukisomwa mara ya pili, alisimama. Alishukuru, kisha akasema kwamba kifungu kile kikibaki vile, yeye, ambaye muswada huu ni kazi ya maisha yake, atapiga kura kuukataa. Nimejaribu kufikiria sauti yake. Sheria inayowapa akina mama wote wa nchi kitu, kisha inawatangazia kwamba si chao! Aliona kwamba hiyo ingewarudisha nyuma badala ya kuwasogeza. Wabunge wanawake wa vyama vyote wakasimama naye, na wanaume wengi pia, na vyama vya wanawake nje ya Bunge vilikuwa vikidai hilohilo. Serikali ikaona ukumbi umegeuka. Ikawaachia wabunge wapige kura kwa dhamiri zao, na kifungu kikabadilishwa: fedha ni mali ya mama.

Sheria ilitiwa saini tarehe 15 Juni 1945. Rathbone alifariki tarehe 2 Januari 1946, ghafla, bado akiwa mbunge. Malipo yalianza Jumanne tarehe 6 Agosti 1946. Akina mama walipanga foleni kwenye posta za nchi nzima, vitabu vya malipo mkononi, shilingi tano kwa kila mtoto baada ya wa kwanza. Kila nikifikiria foleni ile siwaoni wanawake wa Kiingereza. Namwona mama yangu, vidole vina makovu ya vikonyo vya pamba, amesimama mbele ya karani, na karani anafungua daftari, anasoma jina lake.

Asanteni kwa kunisikiliza.